Firigisi Moja, Wazee Wawili

Nitaanza na mimi mwenyewe, kwa sababu kwetu Uyoma mtu asiyejisifu hudhaniwa ni mgonjwa.

Mimi ni binti wa muuza samaki wa Luanda Kotieno. Nilienda Ghuba, kule Uarabuni, kufua nguo za watu, nikatoka kwenye nguo nikaingia kumenya vitunguu katika jiko la hoteli, nikatoka kwenye vitunguu nikasimama mbele ya moto, na jioni wenzangu walipokuwa wakipigia simu wachumba mimi nilikuwa nasoma. Nilirudi na diploma ya upishi. Iko sebuleni kwangu ndani ya fremu, inatazama mlango, ili mgeni aisalimie kabla hajanisalimia mimi. Nyumba yenyewe nimeiezeka kwa mabati ya buluu, na wavuvi wameniambia kwamba wakiwa mbali majini huitumia kujua ufuko uko wapi. Sikuwaomba waseme hivyo. Wamesema wenyewe.

Sasa ninafundisha upishi katika shule ya ufundi pembeni mwa Kisumu. Ukipita pale asubuhi utadhani kuna vita: wanafunzi wa uchomeleaji wanagonga vyuma, cherehani za wanafunzi wa ushonaji zinalia, na katika darasa la umeme kuna mtu anapiga kelele kwamba ameshaambiwa asiguse waya huo. Jiko langu linatazamana na karakana ya useremala. Mwalimu wa useremala ni mtu mchangamfu anayeamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoshikwa na gundi. Misumari anaiona kama matusi.

Wanafunzi wangu niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi, yaani bila huruma. Kushika kisu, kukata kitunguu bila kulia wala kulaani, kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Kila nikifungua mdomo kusema "Kule Ghuba," nyuma ya darasa huwa kuna sauti inayomaliza sentensi kwa ajili yangu: "...hata maji huchemka kwa adabu."

Sauti hiyo ilikuwa ya msichana mmoja wa Pap Onditi huko Nyakach, mrefu, mwenye mdomo usiofungika, na ndiye aliyekuwa na mkono bora kuliko wote. Ugali wake ulikuwa ukisimama kwenye sahani kama umealikwa. Akikaanga samaki wa ngege, ngozi inabaki nzima hadi mkiani. Nilimkemea kila siku, jinsi mtu anavyokemea kile anachokipenda.

Alikuwa anaishi na shangazi yake katika mtaa wa Manyatta, mama anayekaanga mandazi kando ya barabara. Muhula ulipokuwa ukielekea mwisho, alinijia jikoni wenzake wakiwa wameondoka.

"Madam, hiyo siku ya maonyesho, ni kweli mpishi mkuu wa hoteli ya ufukweni anakuja?"

"Anakuja. Atachagua mmoja wa kwenda kufanya mafunzo ya kazi kwake."

"Mmoja tu?"

"Unataka achague darasa zima, hoteli ifilisike?"

Hakucheka. Hilo lilinishtua. "Shangazi amesema nisipochaguliwa nikae naye kwa karai. Ameshaninunulia aproni, Madam. Ya maua. Imeandikwa 'Karibu Mteja' hapa kifuani."

Sina neno baya juu ya mandazi. Lakini mkono ule kuwekwa kwenye karai la mandazi maisha yote ni sawa na kumfunga ng'ombe wa maziwa mlangoni akulindie nyumba. Nikamwambia apike kuku wa kienyeji siku hiyo, na apakue mezani yeye mwenyewe.

Hapo ndipo aliponiuliza kuhusu firigisi.

Kule Ghuba firigisi haiulizwi. Nilikuwa nimewafundisha kwamba ya ndani ya kuku hubaki jikoni. Msichana akaniambia kwa heshima nyingi, ile heshima yake inayotangulia ubishi: "Madam, majirani zetu Manyatta ni Waluhya. Mpishi mkuu pia nimesikia ni Mluhya. Kuku akifika mezani bila firigisi, hao husema huyo kuku alikuwa mgonjwa, au mpishi ni mwizi."

Nilijua hilo. Mtu hawezi kukulia ufuko huu akiwa na majirani wa Magharibi asijue kwamba firigisi ni ya mwenye heshima kubwa mezani, mwanamume, na kwamba wanawake wa zamani walimaliza maisha yao bila kujua ladha yake. Nilikuwa nimejisahaulisha tu. Nikaamuru wachinjwe kuku wawili. Mmoja kwa meza ya mpishi mkuu, mwingine kwa meza ya mwenyekiti wa bodi ya shule, ambaye naye ni mzee wa Kiluhya na mwenye kumbukumbu ndefu. Kila meza na kuku wake, kila kuku na firigisi yake, kila firigisi na bwana wake. Hesabu safi kabisa.

Siku ya maonyesho shule ilipendeza. Wachomeleaji waliweka lango jipya lenye picha ya samaki ambaye, kwa bahati mbaya, alitoka na uso wa mwalimu mkuu. Wanafunzi wa umeme waliwasha taa zote, na kila walipozizima feni ilianza kuzunguka, wakasema wamekusudia. Wa ushonaji walitembea mbele ya wageni wakiwa wamevaa suti walizoshona, na mmoja akatembea kwa kurudi nyuma maana mgongo wa suti yake ndio uliokuwa umekamilika. Wazazi walipiga vigelegele kwa yote. Nami nilisimama kwenye mlango wa jiko langu na kofia yangu ndefu nyeupe, iliyosafiri nami kwenye ndege kwenye mapaja yangu, nikaacha watu wanitazame.

Mwalimu wa useremala alikuwa ameomba kwamba mwenyekiti ale chakula kwenye meza mpya ya wanafunzi wake. Meza ilikuwa nzuri, siwezi kuinyima haki yake. Iling'aa kiasi cha kujiona meno.

"Ina misumari?" nilimuuliza.

"Mama, unaniuliza mimi hivyo?" akasema. "Hii ni gundi tupu."

Wageni wakakaa. Kuku wa kwanza akaletwa kwenye meza ya mwenyekiti, akipakuliwa na mwanafunzi mwingine. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye koti zito, akaegemeza viwiko viwili mezani ili afunge macho kwa sala. Akafika kwenye "baraka hizi," na meza ikapiga magoti kabla yake. Ugali ulikwenda kulia, mboga kushoto, na kuku akateleza hadi kwenye nyasi, ambako mbwa wa mlinzi alimpokea bila sala yoyote. Mwenyekiti alifungua macho, akamwona mbwa akitoka mbio na kitu kidogo cha mviringo mdomoni. Sote tulijua ni nini.

"Yawa!" mtu akasema. Mwalimu wa useremala alikuwa tayari amepotea kwenda kutafuta gundi.

Mwalimu mkuu akafanya kile ambacho mwalimu mkuu yeyote angefanya. Alimshika mwenyekiti mkono, akampeleka kwenye meza ya mpishi mkuu, akavuta kiti, akasema "Karibu, Mzee," kisha akaondoka haraka kama mtu aliyetega bomu.

Wakati huohuo msichana wangu akatoka jikoni. Taulo mkononi, mgongo umenyooka, bakuli juu ya kiganja. Akamwona mgeni wa pili. Hatua yake ikapungua, lakini bakuli halikutikisika; nilimfundisha mimi. Akaliweka mezani, akafunua. Mvuke ukapanda. Kuku alikuwa amelala katika mchuzi wake mzito, na juu yake, katikati kabisa, firigisi imekaa peke yake kama mfalme.

Watu wale wawili waliitazama. Kisha wakatazamana.

"Bwana Shefu," mwenyekiti akaanza kwa upole, "wewe una umri gani?"

"Mzee, umri hauulizwi mbele ya chakula."

"Nauliza kwa sababu nimekuzidi."

"Umenizidi kabisa," mpishi mkuu akakubali. "Lakini huyu kuku alichinjwa kwa sababu yangu. Mimi ndiye mgeni. Wako ameliwa na mbwa."

Meza za jirani zikageuka kutazama. Wazazi waliacha kutafuna. Yeyote aliyewahi kukaa na Waluhya alijua sasa kinachoendelea, na asiyejua alielezwa na jirani yake kwa kunong'ona. Msichana alisimama kati yao na kijiko cha kupakulia. Akimpa mzee, amemnyima mtu anayetoa nafasi ya hotelini. Akimpa mpishi mkuu, amemwaibisha mwenyekiti wa bodi mbele ya wazazi, na mpishi gani angemchukua msichana asiyejua kumheshimu mzee? Nilimwona akilitazama lile bakuli, na nina hakika ndani yake aliona aproni ya maua.

Mama mmoja kutoka meza ya pili akajitolea kusaidia. "Si aikate tu, kila mtu nusu!"

"Ati nini?" wakasema wote wawili pamoja, kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja.

"Firigisi haikatwi, mama," mwenyekiti akasema. "Kwetu haijawahi kukatwa. Ukikata firigisi umekata nyumba."

"Ni kweli," mpishi mkuu akaunga mkono. "Huliwa nzima na mtu mmoja. Hapo Mzee amesema sawa."

Nilimwona msichana akiinua kichwa. Namjua. Huo ndio uso anaokuwa nao kabla hajamaliza sentensi yangu.

"Wazee wangu," akasema, akapiga goti kidogo, "kumbe mnakubaliana haikatwi?"

"Haikatwi."

"Na nyinyi nyote hapa ni wageni wa jiko hili?"

"Ni wageni," mpishi mkuu akasema. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akaona hakuna hatari, akasema, "Wageni, ndiyo."

"Basi samahani sana. Kwetu Nyakach mgeni hapewi kitu mpaka mwenye jiko akionje mbele yake, ajue hakuna sumu." Akachukua kisahani, akainua firigisi kwa kijiko kama anainua yai la kuangua, akageuka, akatembea moja kwa moja hadi mlangoni niliposimama na kofia yangu. "Madam, onja."

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nikaitazama firigisi, nikamtazama yeye. Machoni hakuwa na utani hata kidogo.

Ningeweza kukataa. Ningesema "mpelekee Mzee," na heshima yangu ingebaki safi, na yeye angebaki amesimama na kisahani chake hadi Manyatta. Pia mkataba wangu wa kazi unapita chini ya kalamu ya mwenyekiti yule. Lakini mimi si mtu niliyepanda ndege na kofia mapajani ili niogope kiungo cha kuku. Na kitu kisichokatwa hakionjwi kwa kumegwa. Kinaonjwa chote.

Nikaiweka mdomoni. Nikatafuna polepole, kama wanavyotafuna watu wenye diploma. Ua zima lilinitazama. Firigisi ya kuku wa kienyeji haina haraka, nami sikuwa na haraka. Nilipomaliza nikapangusa midomo kwa taulo la msichana, nikasema, "Hakuna sumu. Wageni, karibuni."

Kisha mama yule wa meza ya pili akapiga kigelegele, kirefu, cha mtu aliyengoja miaka mingi, na akina mama wengine wakampokea, wa Kiluo na wa Kiluhya, hadi mbwa akarudi kuona kuna nini.

Mwenyekiti alikuwa amefungua mdomo. Akamgeukia mpishi mkuu. "Tumeibiwa?"

"Tumeibiwa, Mzee," mpishi mkuu akasema, na mabega yakaanza kumtikisika. "Na tumesaidia kubeba."

Mzee alijaribu kukasirika, nilimwona akijaribu, lakini msichana alikuwa ameshafika na kumwekea paja kubwa kuliko yote, na mgongo kwa mpishi mkuu, na mchuzi kwa wote, akisema "Mos, Baba, taratibu, ni moto," kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. Mtu hawezi kukasirika huku anapuliza paja. Walikula. Waliongeza ugali mara mbili. Mwishowe walikuwa wakisimuliana kuku wa utotoni mwao na nani alinyimwa nini.

Wakati wa kuaga mpishi mkuu alimwita msichana mbele yangu.

"Jikoni kwangu," akasema, "kuna wapishi wa kila kabila la ziwa hili, na kila siku chakula cha wafanyakazi kikiwa ni kuku, wanagombana hadi nafunga mlango wageni wasisikie. Utakuja Jumatatu. Kupika nimeona unajua. Lakini kuku wa wafanyakazi utapakua wewe."

Msichana alisema "Asante" kwa lugha zote alizonazo. Kisha akakimbilia nyuma ya jiko, na nilipomfuata kumkemea kwamba hatukimbii na bakuli, nilimkuta ameketi kwenye gunia la viazi analia, anacheka, anapangusa pua kwa taulo langu safi.

Aproni ya maua anaivaa shangazi mwenyewe siku hizi; nimeiona nikipita, inampendeza. Mwenyekiti, kila akija shuleni, huuliza kwanza langoni kama kuna kuku, halafu huuliza kama mimi nipo, halafu huamua. Mkataba wangu aliutia sahihi, akiwa amegeuza uso. Meza imetengenezwa tena, na safari hii nilisimama pale hadi nikaona misumari.

Na firigisi yenyewe, kwa kuwa nimeulizwa sana: ni tamu, hawakutudanganya. Ila chumvi ilizidi kidogo. Nilimwambia Jumatatu asubuhi, akiwa amevaa sare ya hoteli, kabla hajapanda boda.

"Kule Ghuba," nikaanza.

"...wangeila hivyohivyo, Madam," akasema, akaenda zake.