Koti Chini ya Mikate

Kila alfajiri, kabla ya kushuka bandarini, Hermínio Furtado alilikunja koti lake la njano, akaliweka chini kabisa ya mfuko, kisha akapanga mikate juu yake. Mgongoni mwa koti kulikuwa na jina la kampuni inayosimamisha minara ya umeme wa upepo baharini, na njia ya kwenda gatini ilipita mbele ya mkahawa wanakokunywa kahawa wavuvi wa New Bedford, Marekani. Alilivaa mashua yake ikishatoka nje ya bandari.

Mfuko ule haukumdanganya mtu. Wavuvi walimwamkia kwa jina la utani, Afande Feni, wakamuuliza leo anamkamata nani. Naye alicheka nao, huku akiongeza mwendo.

Miaka thelathini alikuwa amevua ngisi. Kampuni ilipoanza kupigilia nguzo za chuma palepale ngisi wanapotagia, wakapungua. Wavuvi walisema ni kelele za nyundo, kampuni ikasema bado inachunguza. Kisha ikakodi mashua za wavuvi wenyewe zilinde eneo la kazi. Wengi walikataa. Hermínio alikubali, akajiambia ni msimu mmoja tu, mpaka ngisi warudi. Huu ulikuwa msimu wa tatu.

Likizo ya msimu huo binti yake Odília, mwanafunzi wa chuo na mtu wa maneno machache, alikuwa naye mashuani akiandika vyombo vinavyopita. Asubuhi moja waliona mashua ikielekea moja kwa moja kwenye minara, nyavu zikiwa majini. Hermínio hakuhitaji darubini. Kibanda cha buluu cha mashua ile alikipaka rangi yeye mwenyewe, akisaidiana na mwenye mashua, Belmiro, aliyemsimamia Odília ubatizo.

Akashika redio. "Chombo kilicho kusini mwangu," alisema kwa Kiingereza, akisoma karatasi ya kampuni, akiibana sauti, "umeingia eneo la kazi. Badili mwelekeo."

 Mashua zote za pwani ile zilikuwa zikisikiliza.

"Hermínio, sauti yako naijua," Belmiro alijibu kwa Kireno chao cha nyumbani, bila hasira. "Hapo ndipo nilipokuonyesha ngisi, hujaoa bado. Ukitaka niondoke sema, naondoka. Ila usiniite chombo, bwana."

Hermínio alibonyeza kitufe, akakiachia. Akabonyeza tena, akayarudia maneno ya karatasini, neno kwa neno, kwa Kiingereza.

 Nyavu za Belmiro zilipanda taratibu, zikichuruzika maji, na kibanda cha buluu kikageuka.

Odília aliandika saa. Kwenye nafasi ya jina la chombo kalamu yake ilisimama. Baba yake alikuwa amevua koti, amelishika mkononi kama kitu cha mtu mwingine, na upepo ulikuwa mkali.

"Baba, mbona hukumwita kwa jina?"

"Ningemwita kwa jina," alisema Hermínio, "nisingeweza kumfukuza."