Shule ilisema chuo kimoja mwanafunzi mmoja, nafasi akapewa ndugu yangu

Wakuu, habari za wikendi.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana mhusika mwenzangu yuko hai na bando analo, akiona nimedanganya atakuja kunisahihisha. Nimebadilisha jina lake tu.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, kijijini kwetu Masama. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka wazee wengine wanang'oa mibuni wanapanda nyanya. Binti ukimaliza Form Four, chuo ndiyo njia ya kutoka. Ukikosa unabaki kukata majani ya ng'ombe ukisubiri kuposwa.

Mimi na Resti baba zetu ni tumbo moja. Kihamba chao na chetu, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya familia, vinatenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya mpaka.

Tulianza darasa la kwanza siku moja, tukafaulu kwenda sekondari moja. Darasani mimi nilikuwa mbele yake, siyo siri. Biolojia na Kemia alikuwa anakuja kwetu nimweleweshe.

Sasa shule yetu ilikuwa na utaratibu wake.

Mkuu wa shule alitangaza kwamba kila chuo kitaombwa na mwanafunzi mmoja tu, na maombi yote yatapitia ofisini kwake yakiwa na barua ya shule. Eti hataki wanafunzi wake wagombanie nafasi wenyewe kwa wenyewe. Nani aombe wapi, anapanga yeye.

Mimi tangu utotoni nilitaka uuguzi. Lakini Resti alikuwa dada mkuu wa shule, mpole, anasoma masomo kanisani Jumapili. Chuo cha uuguzi akapangiwa yeye. Mimi nikapangiwa ualimu.

Baba alikwenda kuongea na mkuu. Mimi nimesimama nyuma yake, yeye kofia kaishika mkononi. Akaeleza maksi zangu taratibu, akaomba kama inaweza kuandikwa barua ya pili.

Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, utaratibu ni utaratibu. Nikiuvunja kwa binti yako, kesho nitauvunja kwa wangapi?"

Baba akashukuru. Mpaka leo sijui alishukuru nini.

Ualimu sikupata. Resti uuguzi akapata. Nilipouliza ofisini kama naweza kuomba chuo kingine, nikajibiwa kwamba barua yangu ilishatumika.

Wakuu, kuna wivu wa kupita na kuna wivu wa kuamka nao. Mimi nilikuwa naamka nao.

Krismasi Resti akarudi likizo. Viatu vyeupe, soksi nyeupe, na mwendo mpya kama mtu anayewahi wagonjwa. Baada ya misa akakaa kwenye benchi nje ya kanisa na kipimo cha presha alichoazima zahanati ya parokia, wazee wakapanga foleni. Bibi yetu alipomaliza kupimwa alikataa kushusha mkono wa gauni, anataka watu waone kwamba kapimwa na mjukuu wake.

Kisha akanigeukia mimi. "Nawe mshikie mwenzio mkoba, asichoke."

Nikaushika. Moyoni nilikuwa naomba kile kipimo kigome mbele za watu, Resti aumbuke. Hakikugoma.

Miezi ikapita. Siku moja mama yake Resti, ambaye kwangu ni mama mdogo, akaniomba nimpelekee mwanawe mzigo chuoni, ndizi na ndoo ndogo ya maziwa ya mgando. Akasema nimsaidie mimi kwa kuwa sina kazi. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo maana iliuma.

Chuo kilikuwa mkoa wa jirani. Nilifika mchana, Resti yuko wodini, nikaambiwa nimsubiri ofisi ya usajili. Msajili alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Akauliza mimi na Resti nani mkubwa, tukazungumza, mwisho akauliza mbona mimi sikuomba.

Nikamweleza ile habari ya chuo kimoja mwanafunzi mmoja, na barua ya shule.

Akaacha alichokuwa anaandika. "Barua ya shule ya nini, mwanangu? Sisi tunaangalia matokeo. Hiyo wamejitungia huko kwenu."

Akaniambia maombi ya mwaka unaofuata yanapokelewa mpaka mwisho wa wiki ile, tangazo liko ukutani nje.

Nikatoka nikalisoma nimesimama. Vigezo vyote nilikuwa navyo.

Resti alipotoka wodini nilimweleza haraka haraka, nikijua atashangaa. Hakushangaa. Alipokea ndoo ya maziwa, akaiweka chini, akatazama pembeni.

"Nilijua," akasema. "Tangu wiki ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Krismasi, wakati tulikaa jiko moja tukimenya ndizi.

"Tangu tuko wadogo unatajwa wewe kwanza, mimi baadaye. Nilitaka hata mwaka mmoja nitajwe peke yangu."

Nilikuwa nimekwenda pale nimejaa wivu, kumbe mwenzangu alikuwa na wake, tena wa zamani kuliko wangu.

Nilikasirika, sifichi. Nilirudi Masama, nikachukua vyeti, nikavipeleka mwenyewe kabla wiki haijaisha. Safari hiyo sikubeba ndizi za mtu.

Nikapata nafasi, nikaingia mwaka mmoja nyuma yake. Wodini ilibidi nimwite sista na kumbebea trei. Alikuwa anafurahia, nilimwona.

Nyumbani hatujawahi kuwasimulia. Shuleni utaratibu uliendelea vilevile, kwa hiyo kila likizo nilikuwa nawaambia mabinti baada ya misa: shule ikisema haiwezekani, nenda chuoni mwenyewe ukaulize. Hilo ndilo funzo langu kwa wenye watoto wanaomaliza mwaka huu.

Wivu wenyewe sijapona. Resti akipandishwa cheo nampigia simu kumpongeza huku natamani ningekuwa mimi, naye amekiri kwamba kwake ni hivyo hivyo. Ila siku hizi tangazo la kazi likitoka, anayeliona wa kwanza anamwambia mwenzake kabla halijafungwa.

Mliosoma shule za aina hii, au mliofichwa habari na ndugu wa damu, semeni nanyi tuwasikie. Ungekuwa wewe, ungemsamehe siku ileile?

Mimi sikuweza.