Sinema za Wezi Jikoni kwa Mama Mkwe

Mume wangu alinipata kwa mabishano. Watu wengine hukutana kanisani au harusini. Sisi tulikutana nje ya jumba la sinema Bukoba mjini, miaka ya mwisho ya Mwingereza, watu wakiwa wanatoka kwa kusukumana. Picha ilikuwa ya wezi wa benki. Yeye alikuwa na vijana wenzake waliokuwa wakijifunza ushonaji naye, na alikuwa akiwaeleza kwa sauti kwamba wezi wale wangefanikiwa kama wasingemchukua yule mpiga tarumbeta. Mimi nilikuwa nimeletwa na kaka yangu. Nikasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba mpiga tarumbeta hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mkubwa wao, aliyepanga namna ya kuiba asipange namna ya kugawana. Kaka akanivuta mkono. Yule fundi cherehani akasimama katikati ya njia akaniuliza, "Wewe ungegawaje?"

Nikamjibu. Tulibishana mpaka Bilele, nyumbani kwetu, kaka yangu akitangulia mbele kwa hasira. Mume wangu huyo nimebishana naye mpaka wiki aliyofariki, na sijuti hata neno moja.

Yeye hasa alipenda picha za nyota. Kulikuwa na moja ya watu waliopanda chombo wakaenda kwenye nyota ya mbali, wakakuta huko viumbe warefu wanaozungumza bila kufungua midomo. Aliitazama kila ilipoonyeshwa, mpaka mwenye jumba akamzoea. Mimi niliiona mara moja ikanitosha. Sikuona utamu wa kwenda mbali kiasi kile ukaishie kukodoleana macho. Nilipenda wezi, kwa sababu wezi wana kazi ya kufanya, na mtu unakaa kwenye benchi unawasaidia kufikiri.

Aliponioa nikahamia kwao Buganguzi, naye akapata kibaraza cha cherehani sokoni Muleba. Kwetu tulikuwa Walutheri, kwao Wakatoliki, na ingawa nilifundishwa na kupokelewa kanisani kwao kabla ya ndoa, baba mkwe aliendelea kuniita "Mlutheri wetu" kama mtu anayetaja aina ya ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kunena mara moja na kutotaka kurudia, na mume wangu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, kwa hiyo macho yote yalikuwa juu ya tumbo langu tangu wiki ya kwanza.

Mama mkwe ndiye aliyenitia hofu zaidi. Huyu hakuniita chochote. Asubuhi nilipiga magoti nikamwamkia, akaitikia kwa upole, basi. Tulikaa naye jikoni tukimenya ndizi, kisu chake kikienda haraka kuliko changu, na kimya kikawa kingi hata nikawa nasikia maharage yanachemka. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu hanitaki. Jioni nikimweleza mume wangu alisema, "Mae ndivyo alivyo, mvumilie." Wanaume wote husema hivyo juu ya mama zao.

Siku moja, visu vikiwa vinakwenda, aliuliza bila kuinua macho, "Mwanangu anakupiga?"

Nilishtuka. Nikamwambia hapana.

"Mbona kila mkiingia kulala nawasikia mnagombana?"

"Hatugombani, Mae. Tunazungumza habari za wezi."

Aliweka kisu chini. "Wezi! Wako wapi? Hapa Buganguzi?" Akawa ameshasimama kwenda kuangalia mbuzi. Ikabidi nimshike kanga nimweleze kwamba ni wezi wa sinema, watu wa picha, hawawezi kufika hapa hata wakitaka. Akarudi kukaa, akachukua kisu, akamenya ndizi mbili tatu. Kisha akasema, "Waliiba nini?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilimsimulia picha ya benki tangu mwanzo: jinsi walivyopanda paa siku ya gwaride, mwenzao akipiga tarumbeta barabarani ili nyundo zisisikike, na jinsi mmoja alivyowauza wenzake kwa polisi. Nilimsimulia kwa Kihaya, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na Kiingereza cha kwenye picha hata mimi nilikishika nusu nusu. Pale ambapo sikuwa nimeelewa nilijazia mwenyewe. Ndizi za siku ile zilichelewa kuiva, na baba mkwe alikohoa uani mara kadhaa tukajifanya hatusikii.

Kesho yake alikuja na maswali. Alikuwa ameyalalia. Wezi wale, alisema, walikuwa wajinga tangu walipotoka nyumbani. Watu wanne wanakwenda kufanya kazi ya kutwa nzima juu ya paa, na hakuna hata mmoja aliyefunga chakula? Mwenye njaa ana hasira, na mwenye hasira atakuuza. Nilimweleza kwamba Wazungu kwenye sinema hawali. Akasema basi ndiyo maana wanashikwa.

Nilimwambia mume wangu, akacheka mpaka akatoa machozi, na tangu hapo kila jioni aliuliza mama amesemaje. Akataka nimsimulie pia picha ya nyota. Nikaisimulia kwa shingo upande. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kama viumbe wale hawafungui midomo, wanaamkiana vipi? Mgeni anafika, hawamwitikii? Nilipompelekea mume wangu swali hilo, alisahau chakula chake. Alikuwa ameitazama picha ile hata hesabu imempotea, na jambo hilo halikuwahi kumjia akilini.

Siku gari la sinema la serikali lilipofika Muleba, tulikwenda na mama mkwe. Watu walijaa kiwanjani, wengine wametoka vijiji vya mbali. Kwanza tulionyeshwa namna ya kupogoa kahawa, kisha namna ya kuchimba choo, na bwana wa kipaza sauti akatueleza kila kitu kana kwamba hatujawahi kuona kahawa wala choo. Mwishoni kabisa wakatupa picha fupi ya mwizi wa vito. Mama mkwe aliitazama amekunja mikono. Njiani kurudi nilimwuliza ameionaje. "Ya kwako ni nzuri zaidi," alisema. "Huyu hakueleza chochote, amekimbia kimbia tu." Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu mwingine yeyote, na nilitembea nikiwa na furaha ambayo sikutaka aione.

Kisha nikapata mimba, na mvua za Novemba zikaleta senene.

Mtu wa kwetu nisimweleze senene ni nini. Lakini vijana wa leo hawajui kwamba enzi hizo mwanamke aliwakamata panzi hao, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, kisha hakuwala. Walikuwa chakula cha wanaume. Mume alimshukuru mkewe kwa nguo mpya, na mambo yakaishia hapo. Ilisemwa kwamba mwanamke akionja, mtoto atakayemzaa atatoka na kichwa cha senene. Bilele kwetu mambo hayo baba yangu alikuwa ameyafuta. Alisema aliyeumba senene hakuandika juu yake jina la mwanamume, na mama alikaanga tukala wote. Buganguzi kulikuwa na habari nyingine. Baba mkwe alisali rozari kila jioni, na bado kichwa cha senene alikiamini kama Ekaristi. Kila mtu alijua habari ya bibi harusi wa mji wa jirani aliyeonja akiwa na mimba, akarudishwa kwao siku hiyo hiyo na mkeka wake.

Tulikwenda alfajiri kwenye rweya, ile nyika ya nyasi nje ya migomba, mama mkwe na mimi, tukawakamata wakiwa wamelowa umande hawawezi kuruka. Tukakaanga. Sehemu ya baba mkwe ikakaushwa kwenye kikapu kilichoning'inia juu ya mafiga. Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne, na harufu ile, jamani. Nilikula. Nilikula siku ya kwanza na siku zilizofuata, kila nilipobaki peke yangu jikoni. Sikuona vibaya wakati ule wala sioni vibaya leo. Nilikuwa na njaa na nilikuwa nimewakamata mwenyewe.

Siku moja niligeuka nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni na mzigo wa nyasi za kutandika ndani. Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Akatua mzigo, akatoka.

Kuanzia hapo sinema zikakoma. Nilianza kusimulia, akasema kichwa kinamwuma. Tulirudi kwenye kimya cha mwanzo, na safari hii kilinikata maini, kwa sababu sasa nilijua kilichokuwa kimepotea. Nilingoja aseme kwa mumewe. Usiku nilipanga kichwani nitakavyofunga vitu vyangu. Mume wangu nilimweleza. Akasema atanitetea, lakini nilimwona anavyomeza mate.

Asubuhi moja baba mkwe aliingia jikoni, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akakishusha kikapu chake. Akakipima kwa mkono, kisha akakirudisha, akatoka uani na kuita kwa sauti ya kutosha majirani wawili.

"Nani amekula senene wangu?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mama mkwe mafigani. Mume wangu alikuwa uani anapaka mafuta baiskeli, akasimama na kitambaa mkononi.

"Nyumba hii ina wanawake wawili," baba mkwe alisema. "Mmoja ameshamaliza kuzaa. Mwingine amembeba mjukuu wangu. Kama ni huyo wa pili, leo hii anakwenda Bilele, akawazalie Walutheri huyo mdudu wao."

Nilishika mlango nitoke. Nilikuwa nimeamua kusema kweli, si kwa ushujaa, ila nilikuwa siwezi tena kujificha pale. Mkono wa mama mkwe ukanisukuma kando. Alikichukua kikapu, akatoka nacho mpaka mbele ya mumewe, akakifungua, akachota mkono mzima. Akatia mdomoni. Akatafuna, sote tukimtazama, akachota tena.

"Ni mimi, waitu," alisema, kwa neno la heshima la siku zote.

"Wewe?" Sijawahi kuona uso wa mwanamume umepotea vile. "Tangu lini?"

"Tangu meno yaanze kulegea. Ulitaka ningoje yaishe?"

Baba mkwe aliketi kwenye kigoda. Alimtazama mkewe, mwanamke aliyemkamatia senene tangu akiwa msichana, akitafuna polepole mbele yake. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo, "Na unawaonaje?"

"Wana chumvi nyingi," alisema mama mkwe, akarudi jikoni na kikapu.

Humo ndani alisukutua mdomo kwa maji, akatema, akasukutua tena. Nilidhani ni hofu ya mumewe. Nilipiga magoti nikamshukuru, "Kasinge, Mae." Akaniambia niinuke nilete ndizi. Tulipoanza kumenya akasema, kana kwamba hatukuwahi kuacha, kwamba wezi wangu wote wana kosa moja. Wakiulizwa, wanakana. Anayekana hupekuliwa. Sema ni mimi, tena upesi, na asemaye awe yule ambaye hawezi kufukuzwa. Nilicheka hadi nikajikata kidole. Nikaona yameisha, tumerudi kuwa marafiki, na nilikuwa na raha kubwa.

Sinema zikarudi kweli. Nilimtungia nyingine mpya kabisa, zisizoonyeshwa na jumba lolote. Lakini alianza kwenda misa ya asubuhi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na alikonda. Nilipomwuliza alisema ni uzee. Mara nyingine nikiwa katikati ya wizi nilimwona hanisikilizi, anatazama tumbo langu.

Nilijifungua Aprili, mchana. Mkunga alikuwa mwanamke wa jirani, na mama mkwe ndiye aliyempokea mtoto. Hakutazama kama ni wa kiume au wa kike. Alimgeuza kwenye mwanga wa mlango, akampapasa utosi, paji la uso, nyuma ya masikio, taya, kwa ncha za vidole, kisha akarudia tena tangu utosini. Halafu akaketi chini kwenye nyasi na mtoto kifuani akalia kama aliyefiwa. Mkunga akamkaripia: mtoto mzima, mzuri, unalia nini?

"Ni mtu," alisema mama mkwe. "Tazameni. Ni mtu."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimelala pale sina nguvu ya kumshika mkono. Miezi yote ile nilidhani amesimama upande wangu kwa sababu ameona, kama baba yangu, kwamba miiko ile ni maneno ya kale. Mimi nilikula kwa kuwa sikuamini. Yeye aliamini kila neno, akatafuna mbele ya mumewe, na akangoja peke yake mtoto yeyote ambaye ningemzaa, hata mwenye kichwa cha senene.