Shikamoo Iliyochelewa

Naandika haya kwa aibu. Nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Ng'ambo, hapa Tabora. Mchana mmoja, kwenye barabara ya Choma, nikiwa nimelewa wanzuki, ile pombe yetu ya asali, nilimgonga ng'ombe akafa. Badala ya kuomba radhi, nikamtukana mzee mwenye ng'ombe bila hata kumtazama usoni. Nikanyang'anywa leseni, tajiri akanifukuza, na akiba yangu ya mahari ikaishia kwenye faini.

Nikabaki na mchumba tu. Mshenga akanipeleka kwao kujitambulisha. Mlevi mzima nikainama kwa adabu zote. "Shikamoo, baba."

Baba mkwe akaitikia.

"Marahaba. Siku ulipomuua ng'ombe wangu uliniita mbwa. Leo mimi ni baba?"