Nduku Hakuwa Nyanya Yake

Wengi pale soko la Tulia wananijua kwa cherehani yangu. Nimeshona sare za shule kwa miaka mingi, na watoto wengi mnaowaona wakipita sokoni asubuhi wamevaa kazi ya mikono yangu. Ninaandika kwa ajili ya binti yangu Nduku, na kwa ajili ya mzazi yeyote anayefanya kosa nililofanya mimi.

Nduku ni kifungua mimba wetu. Kwa desturi yetu Wakamba, alipewa jina la mama wa mume wangu. Kwetu mtoto hapewi jina tu, huwa ndiye yule mzee mwenyewe. Mume wangu Musyoka alimwita mwaitu, yaani mama yangu, tangu akinyonya, nami nilimpa heshima ya mama mkwe huku nikimbadilisha nepi.

Sasa marehemu mama mkwe alikuwa mtu wa peke yake. Hakupenda kusalimiwa kwa mkono, na kwenye harusi alikaa nyuma ya jikoni. Kwa hivyo Nduku alipoanza kuchambua githeri, maharagwe upande huu na mahindi upande ule, tulicheka. Alipolia kila nikimvalisha sweta hadi nikaikata lebo, tulisema nyanya amerudi. Alifika miaka minne bila kuongea, kisha siku moja akatoa sentensi nzima, tukafurahi yakaisha. Mwalimu aliniita akaniambia mtoto huyu hachezi na wenzake. Nilimjibu, tena kwa maringo, kwamba hata nyanya yake alikuwa hivyo.

Alifaulu vizuri, hasa hesabu, akaenda chuo mjini Kitui. Hosteli ndiyo ilimmaliza. Wasichana sita chumba kimoja, redio, taa, mafuta ya nywele ya kila harufu. Mwaka wa pili alirudi nyumbani na begi moja, na kwa wiki tatu hakusema neno. Alijiuma mkono, hapa chini ya kidole gumba, mpaka nyama ikafunguka. Alijigonga kichwa ukutani. Alikula ugali mkavu tu, akakonda hadi sketi niliyomshonea ikawa inamdondoka.

Kina mama wa kanisa letu walikuja kumwombea. Walikuja kwa upendo, sitaki mtu awaseme vibaya. Wote walimwekea mikono kwa pamoja. Nduku akapiga mayowe, akamsukuma mmoja hadi akaanguka. Wakasema ni pepo, ashikwe. Aliyemshika ni mimi. Nilimkandamiza mikono yote miwili, mwanangu akitetemeka chini yangu, akajikojolea. Nilijua papo hapo nimekosea, na bado sikumwachilia. Kabla ya kuondoka walipanga mfungo wa siku tatu bila chakula wala maji, na Nduku afunge pia. Kwa vile alivyokonda, niliogopa hataumaliza akiwa hai.

Kesho yake nilimpeleka zahanati afungwe kidonda. Nesi aliutazama mkono, akamtazama Nduku aliyekuwa ameziba masikio, akaniuliza maswali machache. Kisha akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa akili katika mji wa Wote. Nyumbani Musyoka aliisoma mara mbili.

"Unataka nipeleke mama yangu kwa daktari wa wazimu?" alisema. "Huyu ni mwaitu. Mama alikuwa hivi maisha yake yote, na hakuna mtu alimpeleka mahali."

Aliyejibu ni Nduku. Alichukua ile barua, akaandika nyuma yake: Nataka kwenda. Sitaki kushikwa tena. Musyoka alitoka nje akakaa muda mrefu. Aliporudi alisema tuondoke kesho, kabla ya mfungo.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alipoona Nduku anaikodolea feni macho, aliizima. Aliniuliza Nduku alianza kuongea lini, alicheza vipi, alikuwa akipenda nini. Nilijibu kama nilivyozoea. Mwishowe aliweka kalamu chini.

"Mama, nimekuuliza juu ya Nduku," alisema. "Kila nikiuliza unaniambia juu ya mama mkwe wako. Huyu msichana mwenyewe ni nani?"

Nililia kwa aibu, machozi na kamasi. Miaka ishirini na moja nilikuwa nimeishi na mtoto wangu nikimheshimu mtu mwingine.

Tulirudi mara tatu. Masikio yalipimwa, Nduku akajaza fomu, akakaa na daktari saa nzima wawili peke yao, na nikasikia sauti yake kupitia mlango. Siku ya jibu daktari alimwambia yeye, si mimi, kwamba ana usonji, ile inaitwa autism. Alizaliwa nao. Ubongo wake unapokea sauti na mguso kwa njia yake, na yale maisha ya hosteli yalimchosha hadi akazimika. Hakuna pepo, laana wala ukaidi. Huenda nyanya yake pia alikuwa nao, alisema, ila hilo hakuna awezaye kulijua sasa. Musyoka alijifuta macho kwa kofia.

Nduku alishusha pumzi, na mabega yake yakashuka pia. "Kwa hivyo si mimi niko mbaya," alisema.

Jioni hiyo nilikula sahani mbili, kwa raha ambayo sikuwa nayo kwa miezi.

Namshukuru Mungu, namshukuru nesi na daktari. Nawashukuru kina mama pia, maana nilipowaeleza baada ya safari ya kwanza waliufuta mfungo, na yule aliyeanguka alikuja akamwomba Nduku msamaha akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Nduku anamalizia masomo akiwa nyumbani. Kidonda kimekauka, na mwili umerudi. Mzazi, mpe mtoto jina la mzee wako, ni heshima. Lakini mtazame yeye, na ukiona anaumia mpeleke kwa daktari, hata kama ni mtu mzima.

Nilimpa Nduku maandishi haya ayasome kwanza. Nilikuwa nimemaliza kwa kusema mwanangu amepona. Aliyakata maneno hayo kwa mstari. Akasema usonji bado anao, na atakuwa nao siku zote. Nikamuuliza, basi niandike nini?

Alifikiri kidogo. "Andika umeanza kunijua."