Punguza Ngoma Umsikie Mwimbaji

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu. Ni siku niliyotoka nyumbani kwetu Msamala kwa miguu kwenda madukani Majengo kununua spika za masikioni, nikiwa bado nimevaa shati la msibani.

Mvi zangu zilikuwa chache wakati huo, na akili nilidhani ninayo ya kutosha. Mke wangu Veronika tulikuwa tumemzika, arobaini haijafika. Redio ilifunikwa kitenge, maana kwetu nyumba yenye msiba haipigi muziki. Lakini ndani ya simu yangu kulikuwa na wimbo mmoja wa kwaya yao, waliourekodi kwa fundi wa mjini. Veronika aliimba sauti ya pili, safu ya nyuma. Hakupata kuimba peke yake hata siku moja. Katika dunia nzima, sauti yake ilikuwa imebaki humo tu.

Nami nilikuwa naanza kuisahau. Sisemi hivi ili unionee huruma, ndivyo ilivyokuwa. Uso wake naukumbuka, mwendo wake naukumbuka, lakini sauti ilikuwa inaniponyoka kama sabuni ya mtoni. Nikiweka simu sikioni nasikia mlio kama wa mbu tu. Ndiyo maana nikaenda Majengo.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. "Shikamoo mzee. Unataka za kawaida au zenye besi?"

"Marahaba. Tofauti yake nini?"

"Hizi zenye besi, mzee wangu, ukivaa hata jino bovu linang'oka lenyewe."

Mwanangu, nilikuwa na jino bovu kweli, nikaona nitapata faida mara mbili. Akanivisha zile ambazo waya wake hupita nyuma ya sikio, kama wanazovaa waimbaji wa jukwaani, akaniwekea wimbo wake yeye. Nikatikisika hadi magotini. Nikasema hizi ndizo. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nililipia ule mvumo.

Nikarudi, nikaketi barazani, nikaweka wimbo wa Veronika. Loo! Fundi yule alikuwa ameujaza kinanda na ngoma, na spika zangu hazikupenda kitu kingine. Ilikuwa ni kama mtu anatwanga mahindi ndani ya kichwa changu, na kwaya nzima imejificha nyuma ya kinu. Simu ina mahali pa kurekebishia sauti, vijiti vimesimama kama uzio: vya kushoto vya besi, vya katikati vya sauti za watu, vya kulia vya kayamba na matoazi. Nikapandisha cha kwanza. Nikapandisha cha pili. Mwishowe nikavipandisha vyote hadi juu, na sauti yenyewe nikaifungua hadi mwisho. Kinu kikawa mashine ya kusaga.

Wakati huo akapita jirani yetu, mama Neema, na bakuli la mboga. Nikaona midomo yake inacheza, nikajua ananisalimu.

"HATUJAMBO!" nikajibu. "ANATWANGA TU! VERONIKA SIMSIKII KABISA!"

Mama Neema akaliweka bakuli chini polepole, kama mtu anayemwacha mbwa asiyemwamini. Akarudi kinyumenyume hadi njiani. Kabla jua halijatua, wanajumuiya walikuwa wamejaa sebuleni na rozari zao, wananiombea akili inirudie. Nami niliitikia kila kipengele kwa unyenyekevu, waya ukining'inia shingoni. Sala haikataliwi.

Walipoondoka, mama mkwe wangu akaniita. Alikuwa ametoka Hanga kuja kumzika mwanawe, akabaki nasi. Nieleze kidogo hapa. Kwa malezi yetu, mkwe na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja wala hawatazamani usoni. Wiki zote hizo tulikuwa tunazungumza yeye akiwa chumbani, mimi sebuleni, pazia katikati.

"Baba Furaha."

"Naam, mama."

"Hizo kamba za masikioni ni za nini?"

Nikamwambia ukweli wote.

"Na dukani ulisikiliza wimbo wa nani?"

"Wa muuzaji, mama."

"Hata mchumba ulichaguliwa na muuzaji?"

Nikazungusha waya kidoleni. Ungejibu nini wewe?

"Na hivyo vijiti umevifanyaje?"

"Nimevipandisha."

"Vipi?"

"Vyote."

"Sasa ukipandisha vyote, umepandisha nini?" Nikamsikia anavuta pumzi. "Umefika kisimani, umekuta wanawake wanagombana. Mmoja ana sauti ndogo, na unataka maneno yake. Utawaambia wote wapige kelele zaidi? Si utawanyamazisha wenye kelele? Mwanangu alikuwa mpole. Hakuweza kupiga kelele akiwa hai, ataweza sasa?"

Nilikaa pale nimeinama. Mtu akikukemea huku anakuonea huruma, maneno yake hayakutoki kichwani.

Kesho yake nikarudi Majengo na wimbo wangu mwenyewe. Muuzaji akanung'unika, lakini akakubali kubadilisha. Nikajaribu za kwanza, ngoma. Za pili, ngoma na mluzi. Akanifungulia za tatu, rahisi kuliko zote, boksi lake halina hata picha. Nikavaa, nikasikia wanawake. Walikuwa mbali, lakini walikuwa wanawake.

"Hizo hazina mzuka, mzee," akasema. "Utanirudishia tena."

"Mimi sitafuti mzuka, baba. Namtafuta mke wangu."

Akaacha kutabasamu, akalitazama shati langu la msibani. Kisha akafungua kifuko kidogo kilichokuwa ndani ya boksi, chenye vimpira vya sikioni vya saizi mbalimbali. Nilidhani ni spea. "Jaribu vyote, mzee wangu. Kimpira kikilegea, sauti inavujia nje." Basi nikakaa pale kwenye kigoda najaribu vimpira, wateja wananipita. Ndipo nikagundua kwamba sikio langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Nimeishi nalo miaka yote hiyo, nimeoa nalo, na hakuna aliyeniambia. Nikavaa kikubwa kushoto, cha kati kulia. Kwaya ikasogea karibu.

Nyumbani nikavishusha vile vijiti vya besi kidogo kidogo, nikasikiliza, nikashusha tena. Vya katikati sikuvigusa. Kinu kikaenda nyumba ya jirani, na safu ya nyuma ikatokea. Wanawake wanne. Nikasikiliza mara nyingi sana, mwanangu, na nitakwambia jambo la aibu: sikujua ni yupi. Nimelala na mwanamke yule maisha yangu yote ya ndoa, na sikuweza kumtenga na wenzake watatu.

Nikasogea kwenye pazia. "Mama, wanawake wamepatikana. Veronika simjui. Nisaidie."

"Leta."

Nikapitisha waya chini ya pazia. Haukutosha. Nikalala kifudifudi sakafuni ili ufike. Ukafika, lakini ukamtoka kila alipoinua kichwa. Yeye akainama, mimi nikavutwa sikio. Tukahangaika hivyo hadi mama mkwe akasema, "Hii adabu itatuvunja shingo." Akatoka na kigoda chake, akakiweka katikati ya sebule, akanipa mgongo. "Na wewe kaa hivyohivyo. Usinitazame."

Basi tukakaa mgongo kwa mgongo kama ng'ombe wawili waliogombana, waya umepita begani kwake, spika moja sikioni kwake na moja kwangu. Nikambadilishia kimpira bila kugeuka, nikinyoosha mkono kwa nyuma. Kile kidogo kikamkaa sawasawa. Nikaanzisha wimbo.

Ubeti wa kwanza ukapita. Ulipofika wa pili, kabla kwaya haijaanza, mwanamke mmoja akawahi. Akatoa neno zima peke yake, akashtuka, akanyamaza, kisha akaingia na wenzake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

"Huyo!" mama mkwe akapiga kelele. "Huyo anayewahi! Tangu mtoto yule! Ukimwambia nitakutuma, kesharudi!"

Nami nikamjua papo hapo. Ni yeye, aliyekuwa akijibu swali langu kabla sijalimaliza. Kumbe aliwahi kuimba peke yake, neno moja. Tukacheka, mwanangu. Tukarudisha nyuma, akawahi tena, tukacheka tena, migongo inagongana na machozi yanatoka. Mama Neema alisikia kelele akaja mbio na wanajumuiya wenzake, rozari mkononi. Akasimama mlangoni, akatuona mimi na mkwe wangu tumefungwa kwa waya mmoja. Akageukia wenzake nje.

"Jamani, sasa wamekuwa wawili."

Mwanangu, ukienda kununua hizo spika, usidanganywe na boksi wala besi. Nenda na wimbo wako, ule unaoujua hadi pumzi zake, kwa sababu wimbo wa muuzaji unasifu mali ya muuzaji. Jaribu vimpira vyote, kila sikio na chake, bila kuona haya. Usipomsikia unayemtafuta, usikimbilie kupandisha. Shusha kwanza kinachomfunika. Sauti iwe ya kiasi, masikio hayauzwi Majengo. Spika zifute kwa kitambaa kikavu, na mkubwa akikupita vua, umsalimie kama mtu mwenye akili. Sababu zake za kitaalamu sizijui, nimesoma kidogo. Nakwambia nilichokisikia.

Na walio hai wasikilize wangali hapa, hawahitaji waya. Mungu akutunzie masikio yako yote mawili, hata kama hayalingani. Akupe mkwe mwenye maneno makali na moyo laini. Na siku utakapomtafuta mmoja katikati ya wengi, umpate, naye awe amewahi kukungoja.