Nilivyopakwa mafuta ya karafuu kabla ya laser ya shingo, Doha: wenye vipele vya ndevu someni

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma uzi wa jamaa aliyeuliza kama laser ya kuondoa nywele inauma. Majibu mengi nimeona yametoka kwa watu ambao hata hiyo mashine hawajawahi kuiona. Mmoja anamwambia ajikaze kiume, mwingine anamwambia ajipake ganzi mpaka asisikie kitu.

Nikaona nikinyamaza nitakuwa sijamtendea haki. Haya yamenipata mimi mwenyewe, shingoni kwangu. Sina chumvi ya kuongeza.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimezaliwa Tanga, nikamaliza form four, nikafanya kazi Mombasa, nikahamia Muscat, halafu miaka ya 2010 na kitu nikaangukia Doha.

Pale Doha nilipangiwa mlangoni kwenye hoteli moja kubwa. Unafungua mlango wa gari, unapokea mabegi, unamkaribisha mgeni. Basi.

Wakuu, niliipenda ile kazi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kwa mtu ambaye miguu haitulii kama mimi, kusimama pale ilikuwa sawa na kusafiri bila pasipoti. Asubuhi unampokea mtu katoka Beirut, mchana familia imetoka Manila, jioni mama wa Kisudani ambaye mabegi yake yananukia udi mpaka unakumbuka harusi za nyumbani.

Tatizo lilikuwa shingo.

Sheria ya hoteli ilikuwa kunyoa kila siku, kidevu na shingo, na kiwembe kipite vizuri. Nywele zangu ni za kipilipili. Ukizinyoa sana zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Vinatoka vipele, vinatunga usaha, kesho yake unapitisha tena kiwembe juu yake. Nilikuwa na shingo kama ganda la fenesi, na kola nyeupe haikosi doa la damu.

Supervisor wangu alikuwa Mnepali, mtu muungwana sana. Siku moja akanivuta pembeni.

"Rafiki yangu, tabasamu lako zuri, lakini mgeni anaangalia shingo."

Akanipa mpaka Idi. Ikifika Idi na shingo bado ile ile, nahamishiwa stoo ya chini kupokea mboga na maboksi.

Mke wangu, Mama Rukia, mtu wa Wete, Pemba, naye alikuwa Doha. Alikuwa yaya kwenye nyumba ya familia moja, analala huko huko. Tulikuwa tunaonana Ijumaa tu, maeneo ya Al Sadd, tunakula biriani na kumpigia binti yetu simu Tanga kwa bibi yake.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya laser. Madam wake alikuwa anafanya, na Mama Rukia ndiye aliyekuwa anakaa nje na watoto.

"Baba Rukia, ipo mashine yaua nywele kwenye shina. Na nesi mwenyewe ni Mkenya, twasikizana naye."

Nikaenda kumwambia Masanja, Msukuma niliyekuwa naishi naye chumba kimoja. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanaume mzima unaenda kulala kwenye kitanda cha saluni! Mwambie shemeji akupitishie na wanja kabisa."

Sikumlaumu. Masanja ana ndevu nne na zote anazijua kwa majina.

Nikaenda kliniki. Nesi aliitwa Kemunto, mwenyeji wa Kisii, mchangamfu lakini kwenye kazi hana utani. Siku ya kwanza hakunigusa na mashine kwa muda mrefu, alikuwa ananihoji tu. Natumia dawa gani? Najipaka krimu ya kung'arisha ngozi? Nina kovu lolote mwilini lililowahi kuvimba likawa kubwa kuliko kidonda chenyewe? Nashinda juani?

Akanieleza kwamba mashine hazifanani. Zipo zinazofuata rangi, na kwenye ngozi nyeusi kama yangu zinashindwa kutofautisha nywele na ngozi, zinachoma vyote. Ya watu weusi ni nyingine, mwanga wake unapita chini zaidi. Akasema nikienda popote duniani niulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Halafu akapiga mipigo michache tu chini ya sikio. Hiyo ndiyo test. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili tuone ngozi imejibu nini. Hapo katikati nising'oe nywele kwa kibano wala nta, kwa sababu mashine inahitaji shina liwepo. Nipunguze kwa mashine ya kunyolea siku moja kabla, niachane na kiwembe, nikae mbali na jua.

Kuhusu maumivu akanielekeza krimu ya ganzi ya duka la dawa. Tabaka jembamba, saa moja kabla, shingoni peke yake, bila kufunika na nailoni.

"Na usijipake nusu tube ati ndio usiskie kitu," akasema. "Ikiingia mwilini mob, nyingi hivyo, inaweza kukusumbua hadi moyo. Alafu mimi nataka uskie kidogo. Ukiganda kabisa, nani ataniambia nikikuchoma?"

Test ilikwenda salama. Lakini niseme kweli, ile mipigo michache ilinitisha. Wiki mbili nzima nilikuwa nalala nikifikiria shingo yote.

Sasa ikafika Ijumaa yenyewe, baada ya swala ya alasiri. Nimejipaka krimu yangu kama nilivyoelekezwa. Nakutana na Mama Rukia nje ya kliniki, akaniona nilivyo.

"Waogopa."

"Siogopi."

"Waogopa, mume wangu. Jasho lakutoka na hapa kuna kivuli."

Akafungua mkoba, akatoa kichupa. Mafuta ya karafuu, mama yake kamtumia kutoka Pemba.

Nikamwambia nesi hakusema habari ya karafuu.

"Nesi ni mtu wa Kisii, karafuu ataijulia wapi? Jino likiuma si twaweka karafuu likafa ganzi? Basi shingo ina tofauti gani na jino? Nyama ni nyama."

Wakuu, nyie mngemjibu nini? Mkono wake ulikuwa mwepesi na ananipaka huku anasoma dua kwa sauti ya chini. Nikainua kidevu kama mtoto anayefungwa vifungo vya shati siku ya Idi.

Tulipofika mapokezi shingo ilikuwa inawaka. Nikadhani ndiyo ganzi inashika.

Kemunto akafungua mlango, akasimama hapo hapo.

"Nani amepika pilau?"

Akasogea, akaninusa shingo.

"Baba, umejipaka nini?"

Mama Rukia akasimama.

"Ni mie niliyempaka. Ni karafuu safi, haina kitu ndani."

Kemunto akamtazama, hasira zikamtoka akacheka. "Aki mama, mapenzi yako nimeyanusa kutoka ndani. Lakini leo siwezi mguza huyu."

Akanilaza, akaniosha shingo kwa maji baridi na sabuni laini. Ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu na ina joto. Akatueleza taratibu: mafuta yale makali yanachokoza ngozi iliyotoka kunyolewa, na juu ya krimu ya ganzi hakuna anayejua dawa itaingia kiasi gani. Ukipiga laser kwenye ngozi iliyochokozwa tayari, yenye mafuta, unaalika jeraha. Na jeraha kwenye ngozi yetu huacha alama.

"Njoo wiki mbili zijazo, ikitulia."

Wiki mbili zijazo ni baada ya Idi.

Tukatoka nje. Mama Rukia anatembea nyuma yangu kidogo, hata mtandio hautengenezi. Mimi kichwani naiona stoo.

Mtaa wa pili kulikuwa na saluni ina bango la laser. Nikaingia. Jamaa aliyekuwa kwenye kaunta hakuniuliza swali hata moja. Ngozi zote sawa, test ya nini, kaa hapa tunamaliza sasa hivi. Shingo yangu bado ina joto la karafuu na yeye ameshavuta kiti.

Nilikaa. Ndiyo, nilikaa kwenye kile kiti.

Mama Rukia hakuingia ndani, alisimama kizingitini.

"Baba Rukia, toka."

"Idi ni wiki ijayo."

"Najua Idi lini. Nimekuharibia, nimekubali, na Ijumaa zote nitakuomba radhi. Lakini nenda stoo na shingo yako. Stoo mtu hutoka. Kovu latoka lini?"

Yule jamaa wa saluni haelewi Kiswahili lakini nadhani alielewa sauti. Nikanyanyuka.

Idi ikapita, supervisor akanitazama, nikainua kidevu mwenyewe. Nikamweleza kwamba matibabu yameanza lakini yamechelewa. Alisikitika kweli. Kesho yake nikashuka chini.

Stoo, wakuu, ni maboksi ya nyanya, ubaridi, na mlango mmoja wa lori. Hakuna anayetoka popote. Kila anayekuja ni dereva yule yule na saini ile ile. Nilikuwa nasikia magurudumu ya mabegi yanapita juu ya kichwa changu na nakisia mwenyewe: huyu katoka mbali, huyu kachoka.

Faida moja tu: stoo hakuna aliyedai ninyoe kila siku. Ngozi ikapumzika.

Siku ya laser yenyewe Mama Rukia aliomba ruhusa aingie chumbani. Kemunto akamkubalia, akampa naye miwani ya kukinga macho. Mke wangu na mtandio wake na ile miwani mikubwa, fundi wa kuchomelea mageti mtupu. Hapo nikacheka, na mipigo ya kwanza ikanikuta nacheka.

Inauma? Inauma. Ni kama mafuta ya maandazi yanakurukia, tone moja moja, na kila tone linapoa kabla jingine halijaja. Chini ya taya unavumilia. Kwenye kikoromeo ndiko kuna kazi. Kuna hewa baridi inapulizwa, inasaidia sana.

Mama Rukia alikaa upande wa miguu yangu, ananisemesha bila kupumua. Anahadithia mtoto wa madam alivyomwagia paka maziwa, mara ananigombeza nimekonda. Nikimsikiliza yeye, mashine inakuwa mbali.

Katikati pale sehemu moja ikachoma tofauti. Haikupoa, iliendelea. Nikainua mkono, Kemunto akasimamisha saa hiyo hiyo. Akaangalia, akaweka kitu cha baridi, akapunguza nguvu ya mashine, pale hakurudia tena.

"Umeona?" akasema. "Hiyo ndio nilikuwa nataka uskie."

Ningekuwa nimejipaka ganzi tube nzima nisingeinua mkono. Sehemu ile ilibaki na wekundu siku kadhaa, ikaisha.

Baada ya hapo ni kitambaa cha baridi, hakuna maji ya moto, hakuna jua, hakuna manukato. Mama Rukia alitaka kubishana kuhusu udi, akajizuia mwenyewe.

Nilirudi mara kadhaa, kila baada ya wiki kama sita. Nywele za shingo zikawa chache, laini, vipele vikafa kimoja kimoja. Ndevu za kidevuni sikuzigusa.

Baridi ilipoingia Doha, supervisor akashuka stoo, akaniweka chini ya taa na kunigeuza huku na huku kama anakagua tikiti maji.

"Jumapili panda juu, rudi mlangoni."

Ijumaa ile nilimwambia Mama Rukia tukiwa kwenye kona ya barabara Al Sadd, watu wamejaa. Mnajua kule mume na mke hawashikani njiani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akapitisha mgongo wa mkono wake shingoni kwangu, haraka, akaurudisha ndani ya mtandio.

"Imekuwa kama siku ile uliyokuja kuposa," akasema, na akatangulia kuvuka barabara.

Sasa kwa yule jamaa aliyeuliza: inauma, lakini usikimbilie kuyaua maumivu yote. Yapunguze, yabaki ya kukuwezesha kusema simama. Uliza mashine yako ni ya ngozi gani. Test usiiruke hata ukiwa na haraka ya harusi. Ngozi iende tupu na safi. Na kama una makovu yanayovimba, muone daktari wa ngozi kwanza, usinisikilize mimi.

Waliowahi kufanya karibuni mseme, hasa walioungua, msione haya, kuna mtu atapona kwa maneno yenu. Na wanaume wenzangu mnaocheka kama Masanja, chekeni tu. Yeye mwenyewe alikuja kuniuliza kliniki iko mtaa gani.